Mwana Mpole Asipimwe kwa Mizani ya Baba

Katika riwaya za fantasia, yaani zile hadithi ndefu za nchi zisizokuwako ambazo vijana wetu huzisoma kwa tochi mabwenini baada ya taa kuzimwa, yupo mhusika anayejitokeza mara kwa mara: mwana mpole wa baba mkali. Baba ni bwana wa ngome na mkuu wa vita, mtu asiyecheka. Mwana hupenda vitabu, nyimbo na masimulizi ya kale. Baba humhesabu mwana huyo kuwa hasara. Aghalabu kisa huishia pale mwana anapoushika upanga na kutenda jambo kubwa vitani, nasi wasomaji tukashusha pumzi: kumbe naye ni mwanamume!

Pumzi hiyo ndiyo ninayoishuku. Tukimsifu mwana mpole siku ile tu anapofanana na matakwa ya babake, tumekwisha kukubali kwamba baba alikuwa na haki tangu mwanzo, na kwamba alichokikosa ni subira tu.

Nilisahihisha wakati mmoja insha ya mwanafunzi wa kidato cha pili aliyeandika juu ya Faramir, mwana wa Denethor, katika riwaya ya The Lord of the Rings. Aliandika kwamba Faramir alikuwa mwoga hadi siku alipokubali kufa. Sarufi yake haikuwa na dosari, na maoni kama hayo nimeyasikia hata kwa walimu wenzangu. Hata hivyo nilikaa na daftari lile kwa muda. Kijana mwenyewe ni mtaratibu, wa sauti ndogo, na nilichelea kwamba hakuwa akimwandika Faramir peke yake.

Kwa faida ya wale ambao hawajaisoma, riwaya hiyo ni ya J.R.R. Tolkien, na ilichapishwa London kwa majuzuu matatu kati ya 1954 na 1955. Inasimulia habari za Pete iliyofuliwa na dhalimu Sauron. Pete hiyo ikirudi mkononi mwake, dunia imekwisha. Na mtu mwema akiitumia kwa nia njema, humgeuza mtu huyo akawa dhalimu mpya. Njia pekee ni kuiteketeza katika moto ilikofuliwa, na kazi hiyo imemwangukia Frodo, mtu mdogo wa kimo na asiye na jeshi. Njiani kuna nchi ya Gondor, ambayo imekaa karne nyingi bila mfalme. Denethor ndiye anayeitawala kwa niaba. Kwa lugha ya pwani yetu tungemwita liwali: mtu anayekishika kiti asichokuwa mwenyewe, mpaka mwenye kiti atakaporudi.

Denethor ana wana wawili. Boromir, wa kwanza, ni jabali la vita na kipenzi cha babake. Faramir, wa pili, ni msomaji wa nyaraka za kale na mpenzi wa muziki. Mama yao, Finduilas, alifariki Faramir akiwa na umri wa miaka mitano, na baada ya msiba huo Denethor alizidi kuwa mkimya na mzito kuliko alivyokuwa. Kitu kimoja ambacho wanafunzi hukipita haraka ni kwamba ndugu hawa wawili hawakuoneana kijicho hata siku moja. Boromir alimlinda mdogo wake tangu utotoni, na Faramir alimwona kakake kuwa hana mfano. Fitina ya nyumba ile haikutoka kwa watoto.

Sasa tumtazame Faramir siku ya jaribio lake la kweli. Boromir amekwisha kufa, baada ya kujaribu kumpokonya Frodo Pete kwa nguvu, kisha akaikomboa heshima yake kwa kuwatetea wenziwe wadogo. Faramir anaongoza askari katika misitu ya Ithilien, na huko anawakamata Frodo na mtumishi wake Sam. Amri ya nchi ni kwamba mgeni yeyote anayeonekana pale bila idhini auawe. Faramir hawaui; anawahoji kwa makini, kisha anawapa chakula. Katika mazungumzo anamweleza Frodo kwamba vita ni wajibu panapokuwapo mwangamizi, lakini mapenzi yake ni kwa mji unaolindwa, wala si kwa silaha inayoulinda. Ndipo Sam, katika kubwabwaja, anaitoa siri: Boromir aliitaka Pete, na Pete iko hapa.

Hebu mwanafunzi asimame papo hapo kabla ya kugeuza ukurasa. Ni pangoni, usiku. Mbele ya Faramir wapo watu wawili wachovu wasioweza kumzuia, na nyuma yake lipo jeshi zima linaloitikia amri yake. Kilicho mfukoni mwa mgeni yule ndicho kitu ambacho babake angekipokea kwa mikono miwili. Angekipeleka nyumbani, angependwa siku ile ile. Mwana aliyenyimwa pendo miaka yote anaonyeshwa bei yake, na bei yenyewe anaweza kuilipa. Faramir anasimama, anacheka kidogo, anakaa. Alikuwa amekwisha kusema kwamba hangekiokota kitu kile hata angekikuta njiani, na neno lake halirudishi. Anawapa wageni masurufu ya safari na kuwaacha waende, akijua kwamba kwa sheria ya babake uamuzi huo unaweza kumgharimu kichwa.

Huo ndio ushujaa wa Faramir, na umetimia kabla hajaenda popote kufa. Boromir jabali alishindwa na Pete; Faramir mpole alimudu. Tena aliimudu kwa sababu ya tabia zile zile ambazo babake alizidharau: kusoma, kusikiliza kabla ya kuhukumu, kutoona haya kuwa na huruma. Nyaraka za kale zilikuwa zimemfundisha jinsi wakuu wa zamani walivyoangamia kwa kutaka nguvu isiyo na mpaka. Kwa hiyo yule anayesema Faramir alikuwa mwoga hadi alipokubali kufa ameiruka sura muhimu kuliko zote zinazomhusu.

Anarudi mjini Minas Tirith kutoa habari. Denethor anamsikiliza kwa ghadhabu baridi. Anamsuta kwamba ni mwanafunzi wa Gandalf, si wake. (Sijui Kiswahili kingempa Gandalf cheo gani. Neno mchawi lingempaka matope asiyostahili, na mganga halimtoshi; basi tumwite mzee mwenye hekima na uwezo wa ajabu.) Denethor anasema Boromir angemletea zawadi kuu. Faramir anauliza kama babake angependa yeye ndiye angalikufa, na Boromir ndiye angalibaki. Denethor anajibu waziwazi kwamba ndivyo angependa.

Asubuhi yake, barazani, Denethor anataka vivuko vya mto vilindwe ingawa adui ni wengi mno. Anauliza kama yupo kiongozi mwenye moyo wa kuitii amri ya bwana wake. Baraza linanyamaza. Faramir anasema ataenda badala ya Boromir, na anapoaga anamwomba babake amfikirie vyema zaidi iwapo atarudi. Jibu la Denethor ni kwamba hilo litategemea atarudi namna gani. Gandalf anamkimbilia kumwonya asiutupe uhai wake kwa uchungu, na kumwambia kwamba babake anampenda na atalikumbuka hilo kabla ya mwisho.

Ni safari hii ambayo wasomaji wengi huitukuza. Mimi naiona kuwa saa ya udhaifu wa Faramir. Siseme kwamba alikuwa mwoga au mpumbavu; alikwenda kwa utii, na alipigana kwa akili, akabaki nyuma kuwakinga waliokuwa wakirudi. Lakini aliyeweza kuikataa Pete hakuweza kulikataa neno la babake. Mtu mzima, jemadari anayependwa na askari wake, alikwenda kununua pendo kwa damu yake. Tukilifundisha jambo hili kama kilele cha utu wake, tunawaambia vijana kwamba njia ya kumpatanisha mtoto na mzazi asiyeridhika ni mtoto kujiangamiza.

Anarudishwa amelala kitini pa farasi, ana jeraha la mshale na homa isiyojulikana dawa. Anayemchukua mikononi ni Imrahil, nduguye mamake. Wasomaji wetu hawahitaji kuelezwa maana ya mjomba katika saa kama hiyo. Denethor anamtazama mwanawe, anapanda mnarani peke yake, na anaposhuka amezeeka ghafla. Sasa ndipo anaposema kwamba alimtuma mtoto bila shukrani na bila baraka. Watu wa kwetu tunaijua radhi. Tunajua kwamba msafiri huombewa hata kama mzazi na mtoto wamekwisha kugombana usiku kucha. Tolkien hakuwa Mswahili, lakini dhambi aliyomtwika Denethor ni ile ambayo bibi zetu wangeitambua bila kufafanuliwa.

Je, Denethor ni katili tu? Hapana, na hapa ndipo ningependa walimu wakawie. Kwa miaka mingi amekuwa ngao ya nchi yake, na hakuna mahali anapotuhumiwa kuila mali ya umma au kukimbia hatari. Fauka ya hayo, Gandalf anamweleza kijana Pippin jambo la kushangaza: damu ya wahenga wa magharibi, yenye uwezo wa kusoma nyoyo za watu, inapatikana kwa Denethor na kwa Faramir, lakini si kwa Boromir. Basi baba amempenda asiyefanana naye, na kumkataa anayefanana naye. Kwa nini? Nadhani ni kwa sababu Boromir hakuweza kumwona ndani. Mbele ya Boromir, Denethor alikuwa mkubwa asiye na shaka. Mbele ya Faramir alikuwa mtu anayesomeka, na mtawala mwenye hofu hapendi kusomeka.

Hofu yenyewe alikuwa akiilisha kila mara. Mnarani alikuwa na jiwe la kuonea mbali, na Sauron alikuwa na jingine. Jiwe halikusema uongo, ila Sauron alikuwa na nguvu ya kuchagua lipi lionekane. Denethor aliona majeshi ya kweli, merikebu za kweli, na kutokana na ukweli huo uliochujwa akahitimisha kwamba hakuna tumaini. Ukali wake nyumbani haukutokana na chuki. Ni mtu aliyekwisha kukata tamaa ya dunia, akamwona mwana mpole kuwa anasa ambayo nyakati haziruhusu. Wazazi wa aina hiyo tunao, wala si wabaya wote. Wapo waliouza ng'ombe wa mwisho ili mtoto asome, kisha wakasikia anataka kuandika mashairi.

Ndiyo maana filamu ya 2003 iliyoongozwa na Peter Jackson, pamoja na sifa zake na tuzo 11 za Oscar, imetupunja. Ndani yake Denethor anararua nyama na kupasua nyanya kinywani huku mwanawe akienda kuangamia, na mtazamaji hana kazi ila kumchukia. Baba wa namna hiyo hamfundishi mtu kitu, kwa kuwa hakuna baba atakayekaa mbele ya picha ile akajitambua.

George R.R. Martin, Mmarekani, naye anatupa mfano mkali zaidi katika riwaya yake ya 1996, A Game of Thrones. Samwell Tarly ni mnene, anapenda vitabu, nyimbo na mapishi, na damu humtia kichefuchefu. Babake, Randyll, anamletea walimu wa silaha mmoja baada ya mwingine, anamvika nguo za mamake ili aone haya, anamlaza na vazi la chuma. Alipozaliwa mdogo wake mwenye nguvu, Samwell akasahauliwa. Na alipofikisha miaka 15 alichaguzwa: ajiunge na walinzi wa ukuta wa kaskazini na kuuacha urithi, au apatwe na ajali mawindoni. Wapo watakaoniambia kwamba Faramir ni mfano rahisi kwa kuwa upanga anaujua. Je, mpole asiyeweza kupigana kabisa? Namjibu kwa huyu Samwell. Ni kweli katika juzuu la 2000 anamwua kiumbe wa barafu ambaye mashujaa hawakumweza, na mashabiki hulitaja tendo hilo kwanza. Lakini kazi yake kubwa katika juzuu lile ni kwenda huku na huku kati ya wakuu wawili wanaogombea uongozi, akawashawishi, kwa hila kidogo, wamwachie Jon Snow. Hakuna upanga uliochomolewa. Randyll asingeliita tendo hilo kuwa la kiume, na jeshi zima likapata kiongozi. Hata hivyo kama baba, Randyll namwona mwepesi kuliko Denethor. Hana jeraha tunaloliona. Ni nyundo tu.

Msomaji anaweza kuuliza mambo haya ya Waingereza na Wamarekani yanatuhusu nini. Kwanza, fantasia si ngeni kwetu. Shaaban Robert alitujengea nchi iliyo hewani katika Kusadikika ya 1951, na katika Adili na Nduguze watu hugeuzwa manyani. Pili, mwana mpole tunaye katika kitabu kilichosomwa na vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki: Things Fall Apart ya Chinua Achebe, ya 1958, iliyotafsiriwa kwa jina la Shujaa Okonkwo. Hiyo si fantasia, lakini nyumba ni ile ile. Okonkwo anamkaripia Nwoye kwa kuwa anamwona ndani yake Unoka, babu mpiga filimbi. Yeye anakimbia sura ya babake. Denethor anakimbia sura yake mwenyewe. Na Ikemefuna, mtoto wa kulea, anapopigwa panga msituni anamkimbilia Okonkwo akimwita baba, naye Okonkwo anammalizia, kwa kuogopa kuonwa dhaifu.

Nililitaja hilo makusudi, kwa maana mwito kama huo umo pia katika Tolkien. Denethor, baada ya kukata tamaa, anaamuru kuni na mafuta viletwe katika makaburi ya ukoo, ateketee pamoja na Faramir angali hai. Mlinzi Beregond anaiacha zamu yake, kosa ambalo adhabu yake ni kifo, na anaumwaga damu wa watumishi wenzake mlangoni ili moto usiwashwe. Gandalf anamnyanyua Faramir. Wakati huo mgonjwa, katika kuweweseka kwa homa, anamwita babake. Denethor anashtuka kama aliyezinduliwa, macho yake yanazimika ule moto, anatokwa na machozi na kuomba asiondolewe mwanawe, kwa kuwa anamwita. Haimwokoi, dakika chache baadaye anajichoma, jiwe likiwa mikononi. Lakini alilia. Okonkwo aliitwa akapiga. Denethor aliitwa akalia, ingawa kwa kuchelewa.

Tolkien mwenyewe hakuwa na baba mkali wa kumkumbuka. Alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka wa 1892, na babake alifia huko mwaka wa 1896, mtoto akiwa na miaka minne na yuko Uingereza pamoja na mamake. Habari za kuzuka kwa Faramir alimwandikia mwanawe Christopher mwezi Mei, 1944, kijana huyo akiwa mwanajeshi wa anga huko huko Afrika Kusini. Alimweleza kwamba mhusika huyu alimjia bila kuitwa, akampenda. Sura za riwaya alikuwa akimtumia kadiri alivyoziandika. Kwa hiyo mwana aliyenyimwa shukrani na baraka vitabuni alisimuliwa kwanza katika barua ya baba kwa mwanawe aliyekuwa mbali, wakati wa vita.

Baada ya vita, Aragorn, mfalme aliyerudi, hampi Faramir cheo cha kupigana tu. Anamwachia uwakili wa ukoo wake, na kumfanya mkuu wa Ithilien, nchi iliyokuwa bustani ya Gondor kabla ya kuharibiwa, ili aikuze upya. Beregond anahukumiwa kuhama mjini, kisha anaambiwa kwamba anahamishiwa huko huko Ithilien, awe mkuu wa walinzi wa Faramir.

Yule mwanafunzi wangu nilimrudishia daftari lake na maswali mawili pambizoni, bila alama, aandike tena. Nayatoa hapa kwa mwalimu yeyote atakayeyahitaji. La kwanza: pangoni Ithilien, Faramir alikuwa akimwogopa nani, na alimtii nani? La pili: Denethor alipoitwa na mwanawe, kwa nini alilia?